Nyekundu kwenye Mkono wa Yusuf

Wiki iliyopita nilimpigia mwanangu kelele kwa sababu ya mkate. Alikuwa jikoni amefungua kopo la siagi ya njugu alilonunua baba yake, anapaka kijiko juu ya kijiko, na ile harufu ya karanga zilizosagwa na sukari ikanifikia sebuleni kabla sijamwona. Nikasikia sauti yangu ikimwambia atupe. Mtoto wa miaka sita akanitazama, mdomo umejaa, asijue amekosa nini. Nikaingia bafuni nikafunga mlango, mimi mtu mzima na kazi yangu na heshima zangu. Mume wangu alidhani karanga zinanidhuru.

Hazinidhuru. Kuna jambo nililifanya nikiwa na miaka tisa, na kwa miaka mingi nililijua nusu tu. Nusu ya pili nimeijua mwaka huu, tulipomzika mama. Ninyi wa rika langu mliokulia kule kwetu mtaelewa upesi kuliko wengine, maana nanyi mlipimwa kwa utepe uleule.

Tulikaa kwenye bulla moja, mtaa wa vibanda vya matawi na maturubai kando ya barabara ya kutoka Garissa kwenda Dadaab. Tulifika hapo baada ya ukame kumaliza mbuzi wote na karibu ngamia wote. Baba aliwachukua ngamia waliosalia akaenda nao mbali kutafuta malisho, tukabaki wanne: hooyo, yaani mama yangu, ayeyo, nyanya yangu mzaa baba, mimi, na Yusuf, ndugu yangu wa mwaka mmoja na nusu, ambaye hata kusimama alikuwa hajasimama. Hooyo aliamka alfajiri, akapokea maziwa ya ngamia kwa wachuuzi, akayauza barabarani mpaka alasiri. Shule zilipofungwa, Yusuf alikuwa wangu. Nilimbeba mgongoni hadi mgongo ukawa na joto lake hata nikimweka chini.

Kila Jumanne gari la kliniki lilikuja. Akashuka Sista Mwikali, Mkamba mmoja mnene mwenye kicheko, na dereva wake Msomali aliyekuwa akimtafsiria. Walitundika mzani kwenye boriti, ule wenye kaptula ya kitambaa ambamo mtoto anatiwa miguu aning'inie akilia. Kisha ukaja utepe. Ulikuwa na rangi tatu, kijani, njano na nyekundu, na ulizungushwa kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, juu ya kiwiko, ukavutwa taratibu. Rangi iliyotokea kwenye kidirisha ndiyo jibu.

Hakuna aliyenieleza maana ya zile rangi, basi nikajieleza mwenyewe, na nilikuwa mtoto wa kujieleza sana. Nilitazama wanaopata nini. Mtoto wa kijani aliambiwa nenda zako. Mtoto wa nyekundu aliingizwa kwenye kivuli cha turubai, mama yake akapewa kiti, akaandikiwa kadi, akapewa pakiti za siagi tamu ya njugu za wiki nzima, na juu ya hayo unga, dengu na mafuta ya kupikia kwa ajili ya nyumba yote. Sasa mtu mwenye akili ataamua nini? Isitoshe, wazee wote wa heshima pale bulla walikuwa na ndevu nyekundu kwa hina, na mikono ya bibi arusi ilikuwa nyekundu. Kijani ni rangi ya chakula cha mbuzi. Kwangu mimi lile halikuwa fumbo hata kidogo. Nyekundu ilikuwa ushindi, na Yusuf wetu alishinda kila Jumanne.

Tena alikuwa akiazimwa! Nisiposema hili hamtaelewa kichwa changu kilivyokuwa kimevimba. Jirani yetu, habaryar Deqa (habaryar ni mama mdogo, na kwetu kila mwanamke wa umri wa mama yako ni habaryar), alikuwa na mtoto wa umri wa Yusuf, mwenye mashavu, kijani kila akipimwa. Chungu chake kilikuwa kitupu kama chetu, lakini mashavu ya mtoto wake yalimnyima kadi. Siku moja hooyo akiwa barabarani, habaryar akaja kwa ayeyo na kikombe cha sukari.

"Niazime Yusuf Alhamisi," akasema. "Bulla ya pili kuna kliniki nyingine na sista mwingine. Nimpime kwa jina la wangu."

"Mrudishe kabla ya magharibi," ayeyo akajibu, akapokea sukari.

Nilienda nao. Niliwaona wakimwita Yusuf jina la mtoto mwingine, nikaona nyekundu ikitokea, nikaona kadi ikiandikwa, na moyo wangu ukajaa kama dumu. Ndugu yangu alikuwa analisha bulla nzima kwa mkono wake mdogo! Jioni hooyo aliposikia, alikasirika mpaka sauti ikakauka. Akamwambia ayeyo kwa heshima, lakini ameyauma meno, kwamba mwanawe si wa kukodishwa. Tangu hapo Yusuf hakuazimwa tena. Nilimwona hooyo mchoyo, wallahi.

Sasa nimseme hooyo alivyokuwa, maana hapa ndipo pananiuma. Kila Jumanne kabla ya kupima, Sista Mwikali aliwafunza akina mama chini ya turubai. Alikuwa na picha kubwa ya vyakula, ina samaki, mayai, papai na majani ya kila aina. Wanawake walicheka hadi wakashika mbavu. Ayeyo aliuliza kwa sauti, "Majani? Mimi mbuzi?" Dereva akaona haya kutafsiri. Lakini hooyo hakucheka. Alikaa mbele kabisa, akawa anarudia maneno kwa midomo bila sauti. Mtoto anyonye kwanza. Uji uwe mzito, utiwe maziwa na kijiko cha mafuta. Mikono ioshwe kwa sabuni, na sabuni ikikosekana, jivu. Pakiti ni dawa ya mtoto mgonjwa peke yake, haigawanywi, hata dada yake akilia. Mtoto mdogo asipewe chai, chai inajaza tumbo na haimpi kitu. Hooyo hakuwahi kukaa darasani maisha yake yote, lakini alirudi nyumbani akiwa na somo zima kichwani, akatukariria sisi. Alipata kuku wawili kwa kubadilishana na maziwa, akampikia Yusuf yai, jambo ambalo ayeyo aliliona aibu tupu, kwa kuwa kuku kwao alikuwa ndege tu. Sista akaanza kusema kwamba akianzisha kikundi cha akina mama cha kufundishana, hooyo ndiye atakayekiongoza. Hooyo aliposikia hivyo alifunika uso kwa shela, lakini nilimwona meno.

Na Yusuf akaanza kubadilika. Alicheka. Alinivuta nywele kwa nguvu mpya. Akashika nguzo ya kibanda akasimama, akashangaa mwenyewe, akakaa kwa kishindo. Jumanne iliyofuata utepe ukavutwa, na kwenye kidirisha ikatokea njano.

Sista Mwikali alipiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilipigwa na butwaa. Niliwatazama mmoja mmoja, nikajiuliza hawa watu wana akili zao? Ndugu yangu ameshindwa, nao wanashangilia? Nikamgeukia hooyo, machozi yanamtiririka. Nikajua moja kwa moja kwamba analilia unga.

"Akiendelea hivi," Sista akasema, na dereva akatafsiri, "wiki mbili tatu atakuwa kijani, na tutamtoa kwenye kadi."

Njiani kurudi ayeyo alinung'unika hatua kwa hatua. "Akitolewa kwenye kadi, na unga je? Na mafuta je? Tutakula makofi ya sista?" Hooyo akamwambia Mungu atatoa. Mimi nilikuwa nyuma yao na Yusuf mgongoni, na ndipo nilipoamua. Mungu atatoa, sawa, lakini mimi nitamsaidia.

Naliandika hili polepole kwa sababu mkono unakataa. Asubuhi hooyo alikuwa akiniachia pakiti za mchana, akinionyesha saa za kumpa kwa kivuli cha kibanda: kikifika hapa moja, kikifika pale nyingine. Na uji kwenye bakuli. Akishaondoka, na ayeyo akishalala usingizi wake wa asubuhi, nilizichukua pakiti nikazifukia kwenye mchanga, nyuma ya boma la miiba lililoachwa tupu na waliotutangulia hapo. Uji nilikula mimi. Pakiti sikuzigusa hata kwa kulamba, na nilijisifu kwa hilo, nilijiona mtoto mwenye nidhamu ya ajabu. Yusuf akilia nilimpa chai ya rangi yenye sukari. Alinyamaza. Akilia tena nilimfunga mgongoni nikazunguka bulla nikimwimbia mpaka alale. Hooyo akirudi ananiuliza, "Amekula?" Nami, "Amekula, hooyo," nikimwonyesha maganda matupu ya pakiti, ambayo nilikuwa nimeyaokota kwenye jaa la bulla. Nilijua nasema uongo. Sikujua ni uongo wa kuua.

Jumanne ya kwanza gari halikuja, barabara ilikuwa imefungwa. Siku zikaendelea. Yusuf akaanza kuhara. Hooyo akamnyonyesha usiku kucha, na leo naelewa kwamba ziwa lile ndilo lililombakisha duniani. Aliniuliza tena na tena kama mtoto anakula, nami nikaapa. Akasema basi ni tumbo, sista akija atatoa dawa. Yusuf aliacha kunivuta nywele. Aliacha pia kulia, na mimi, Mungu anisamehe, nikafikiri amezoea.

Gari lilipokuja Jumanne ya pili nilimbeba mwenyewe hadi mbele. Utepe ukazungushwa, ukavutwa, ukazidi kuvutwa. Nyekundu. Nilitaka kuruka. Lakini Sista Mwikali hakuandika kitu. Alishika mguu wa Yusuf, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, akaondoa kidole. Shimo likabaki pale pale kwenye ngozi, kama kwenye unga uliokandwa; leo najua ule ulikuwa uvimbe wa hatari. Sijawahi kuona sista akipoteza kicheko namna ile. Alitazama huku na huku kumtafuta dereva, lakini dereva alikuwa ameenda kujaza maji.

"Wewe unajua Kiswahili," akaniambia. "Muulize mama, mtoto amelishwa nini tangu siku ile?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni hawakujua Kiswahili zaidi ya salamu na bei. Hooyo alijua kidogo, kile cha barabarani cha kuuzia maziwa. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Sikumuuliza hooyo kitu, kwa nini nimuulize, wakati mwenye kazi ni mimi? Nikasimama wima kama mbele ya mwalimu.

"Ni mimi, Sista. Pakiti sikumpa. Nimezificha zote, ziko salama. Nimemlinda asitoke kwenye nyekundu, ili tusikose unga."

Nikangoja makofi.

Kalamu ikamwanguka Sista. Nikamwona hooyo akinigeukia, na uso wake sitausahau mpaka nifukiwe. Alikuwa ameelewa. Si kila neno, lakini alielewa vya kutosha. Nilidhani atanipiga kofi, nikajikunyata. Badala yake akasimama, akaelekea kwa wanawake wote wa foleni, akasema kwa Kisomali, kwa sauti ambayo hata aliyekuwa mwisho aliisikia:

"Ni mimi. Mimi nimemnyima mtoto pakiti zake, ili asitolewe kwenye kadi."

Foleni nzima ikavuta pumzi kwa pamoja. Mmoja akasema "Astaghfirullah." Mwingine akamvuta mwanawe karibu na kifua.

"Mama anasema nini?" Sista akaniuliza.

Mnajua nilihisi nini? Hasira. Nilikasirika hadi machozi, kwamba mimi nimefanya kazi yote, nimechimba, nimefukia, nimebeba, na sasa hooyo anajichukulia sifa mbele ya watu. "Anasema ni yeye," nikatafsiri kwa kununa. "Lakini si kweli, ni mimi!"

Sista Mwikali alinitazama mimi, akamtazama hooyo. Hooyo akamwambia kwa kile Kiswahili chake, "Sista, mtoto hii hana makosa. Andika mimi." Wakaangaliana wale wanawake wawili, na sista akainama akaokota kalamu. Sijui aliandika nini. Baada ya muda alihamishwa, hatukumwona tena.

Gari likamchukua Yusuf na hooyo hadi hospitali mjini Garissa. Nilibaki na ayeyo. Nikamwongoza nyuma ya boma, nikafukua pakiti moja baada ya nyingine nikazipanga mchangani, bado nikitaka mtu mmoja tu aniambie nimefanya vyema. Ayeyo alizitazama. Akakaa chini, mzee wa watu, pale pale juani.

"Omba, gabar," akaniambia. Gabar ni msichana, na hakuwahi kuniita hivyo bila utani, lakini siku ile hapakuwa na utani. "Omba sana. Ndugu yako anakufa."

"Anakufa na nini?"

"Na njaa."

Nilimbishia! "Njaa gani, ayeyo? Chakula kiko hapa." Nikamwonyesha. Na nilipokuwa nimenyoosha kidole ndipo nikaona nilichokuwa nakionyesha. Nilitapika. Ayeyo alinishika paji la uso, naye akawa anasema mwenyewe, kwa sauti ndogo, "Ni mimi na mdomo wangu, ni mimi na mdomo wangu."

Yusuf hakufa. Alhamdulillahi, narudia kila siku. Alirudi baada ya siku nyingi na mrija ameshatolewa puani, macho makubwa, akanifahamu, akashika nywele zangu. Hooyo hakunisema. Alinikalisha, akaniambia mara moja tu: "Hili limeisha. Usimwambie mtu, usimwambie Yusuf, usinitajie hata mimi." Nikatii. Nikadhani ananifunika aibu kwa watu wa nyumbani. Yale aliyoyasema kwenye foleni niliyaweka kando, kama watoto wanavyoweka kando mambo ya wakubwa.

Hiyo ndiyo nusu niliyoishi nayo. Nikakua, nikasoma, nikaolewa, nikahamia Nairobi. Yusuf akawa jitu refu, anaendesha lori la maji huko Dadaab. Ayeyo alitangulia kitambo. Hooyo alibaki palepale bulla, ambapo vibanda vimekuwa nyumba za mabati. Watu walimwita Gaajo, yaani Njaa. Kwetu majina ya utani hayana huruma, kuna Kiguru, kuna Chongo, kuna Meno, na mtu anazikwa nayo. Niliona wamemwita Gaajo kwa sababu ni mwembamba. Hakutoka sana, hakuenda kwenye ngoma za arusi, hakuitwa kuosha watoto wachanga. Nikizungumza naye kwenye simu nilimwambia, "Hooyo, nawe jichanganye na watu!" Alicheka akabadilisha mazungumzo. Kwa muda wote huo nilidhani mama yangu hapendi watu.

Alipofariki mwaka huu wanawake walijaa uani kutupa pole. Habaryar Deqa, sasa mzee mwenye mkongojo, alinishika mikono miwili.

"Allah amrehemu mama yako," akasema. "Na lile la mtoto Allah amsamehe. Sisi tulishamsamehe."

"Lile lipi, habaryar?"

Wanawake wakatazamana. Habaryar akashusha sauti. "Lile la kumnyima Yusuf chakula. Tulikuwa wakali, nakiri. Tulimkataa kwenye kikundi cha akina mama, tukasema yule atatufundisha nini? Hakuna aliyemwachia mtoto tena hata kwa dakika. Jina lile nalo ni sisi tuliompa. Lakini yamepita."

Nilimwona hooyo pale mbele ya turubai akirudia somo kwa midomo. Nikamwona barabarani na madumu yake, wanawake wakimpita. Nikamwona jioni zote zile anapika uji mzito na maziwa na kijiko cha mafuta, na hana wa kumfundisha. Walimfungia mlango maisha yake yote, kwa jambo langu. Na anayenisamehea mama yangu ni habaryar Deqa, aliyemwazima mtoto mgonjwa akampima kwa jina la mwingine! Nikainuka nikasema kwa sauti, "Si yeye. Ni mimi. Mimi ndiye niliyezificha pakiti. Hooyo alijitwika tu."

Habaryar akanipapasa shavu, machozi yamemjaa.

"Mtoto mwema wewe," akasema. "Unamsitiri mama yako. Allah akulipe."

"Habaryar, nakuambia kweli!"

"Ulikuwa mtoto mdogo. Tulimsikia kwa masikio yetu wenyewe." Na wanawake wote wakanisifu, wakasema Gaajo amebarikiwa binti. Nilitaka kupasuka. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kuniombea dua.

Baada ya alasiri nilimkuta Yusuf nyuma ya nyumba, amekaa karibu na tangi la maji, peke yake. Nikamwambia kila kitu, kuanzia utepe mpaka mchanga. Sikujitetea. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Hooyo aliniambia ni yeye," akasema mwishowe.

"Lini?"

"Nikiwa kidato cha pili. Wenzangu walinitania shuleni, nikaja nikamuuliza. Akasema ndiyo, ni mimi, unisamehe." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Sikumsamehe, abaayo." Abaayo ni dada, na alilitamka neno lile kama kawaida yake, jambo lililoniuma zaidi. "Mwaka mzima sikula alichopika. Nilikula hotelini, nilikula kwa watu. Kila jioni ananiwekea sahani, ameifunika, na mimi nairudisha imejaa. Akawa anaipokea tu. Hakusema neno. Kwa nini hakusema neno?"

Nilingoja anifukuze, anitukane, anipige hata, na ningempa shavu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, akamwita hooyo kama mtoto aliyepotea sokoni.

Kisha akainuka. Akanawa uso kwa maji ya tangi, akazunguka nyumba, nami nikamfuata nikiwa sijui anakwenda wapi. Kwenye matanga ya kwetu wanaume hawaingii upande wa wanawake, lakini Yusuf alipita katikati ya mikeka hadi alipokaa habaryar Deqa, akasimama mbele yake.

"Habaryar, na ninyi nyote," akasema. "Aliyenyimwa chakula ni mimi. Kwa hiyo mimi mtanisikiliza. Hooyo hakufanya lile jambo. Alisingizia nafsi yake mbele yenu, nanyi mkamwamini, na mimi nikamwamini. Asiitwe tena jina lile katika bulla hii."

Habaryar Deqa alitikisa kichwa. "Basi nani, Yusuf? Nani alifanya?"

Niliona Yusuf hawezi, au hataki, kunitaja, kwa vile mimi ndiye dada aliyembeba mgongoni. Nilikuwa nimejikunyata mlangoni nyuma ya wanawake wengine, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiniona. Nikatoka, nikavuka mikeka, nikasimama kando yake wanione vizuri. Safari hii hakuna aliyeniombea dua.